Gome la Mtundu, Maji ya Malagarasi

Kuna miti miwili ambayo fundi mizinga wa Bukene haipiti hivi hivi: mtundu na muba. Akiukuta mtundu ulionyooka, usio na tawi hadi juu ya kichwa chake, anauzunguka polepole, anapapasa shina kwa kiganja, kisha anaugonga kwa kisogo cha shoka na kutega sikio. Anatafuta makovu ya matawi yaliyokatika zamani, alama za moto wa msituni, tundu alilopenya mdudu. Mti wenye ila yoyote kati ya hizo anauacha, hata kama ametembea tangu alfajiri. Mpasua mbao angeuona mti uleule akapiga hesabu ya futi. Huyu anataka ngozi yake tu.

Kazi yenyewe ina majira. Kiangazi gome limeng'ang'ania mti, na ukililazimisha linatoka vipande vipande. Mvua zikishakolea, mti umejaa utomvu, gome linalegea. Hapo ndipo fundi anakata mkato wa kwanza kuzunguka shina chini, wa pili juu, na kati yake mkato mmoja ulionyooka kushuka. Ule wa kushuka ndio unaomtambulisha fundi. Shoka linaingia kwa mapigo mafupi, yote kwa kina kimoja, mpaka linapogusa mti mweupe, wala halizami zaidi ya hapo. Kisha anachonga kabari ya mti mbichi, anaichomeka kwenye mpasuko na kuisukuma taratibu, huku na huku, akizunguka shina zima. Unasikia mlio wa unyevunyevu. Kwa muda mrefu ni kama hakuna linalotendeka, halafu gome lote linaachia kwa mara moja, linavulika shinani kama shati lililolowa.

Mzee mmoja wa huku, niliyemwamkia "Mwangaluka, guku" nikapewa kazi kabla sijapewa kigoda, aliniachia kabari ile mwishoni mwishoni, nadhani kwa heshima ya mgeni. Nikataka kumaliza. "Usivute, mwanangu," akasema bila kunyanyua macho. "Hapo ulipo pana kovu la tawi. Ukivuta litapasuka mpaka juu. Zunguka kwanza nyuma." Kovu lenyewe mimi sikuwa nimeliona. Kwa nje lilikuwa kifundo kisichozidi ukucha.

Baada ya hapo mambo yanakwenda haraka. Gome likiwa bado bichi linakunjwa lirudie umbo lake la mviringo, kingo mbili zinapandishwa moja juu ya nyingine, zinatobolewa na kufungwa kwa vijiti vilivyochongwa. Ncha mbili zinazibwa kwa vifuniko vya gome au nyasi zilizosukwa, na vitundu vya kupitia nyuki vinaachwa. Ndani linapakwa nta kidogo ili nyuki wapate harufu ya nyumbani. Mzinga unapandishwa mtini kwa kamba na kulazwa kwenye panda. Siku moja ya kazi nzuri inatoa mizinga kadhaa, na kila mmoja una miaka michache tu ya kuishi kabla mchwa na mvua hawajaumaliza. Ufundi huu haukukusudiwa kudumu kwenye makumbusho.

Bukene ni mji wa stesheni, wilaya ya Nzega, kwenye reli itokayo Tabora kwenda Mwanza iliyokamilika mwaka 1928. Watu wengi wanaujua kwa mpunga, ng'ombe na jina la jimbo la uchaguzi. Kabla ya reli ilikuwa nchi ya wapagazi. Njia ya kaskazini kutoka Tabora, ile aliyoifuata msafiri Mwingereza Speke mwaka 1858 akienda kuliona Ziwa Nyanza, ilipita pande hizi. Vijana wa Kinyamwezi waliokwenda pwani na pembe za ndovu begani, au magharibi mpaka Ujiji, walitoka vijiji kama hivi. Karibu kila walichokibeba kiliwahi kulala ndani ya gome. Asali ilisafiri katika vilindo vya gome vyenye vifuniko. Nafaka ilihifadhiwa katika malindo makubwa, mengine yakimzidi mtu kimo. Nguo zilifungiwa humo, na mbegu za msimu ujao pia. Kamba ya kufungia mzigo ilichunwa kwenye gome lilelile.

Jinsi nilivyozidi kuitazama kazi ya mizinga, ndivyo nilivyozidi kuwafikiria watu wa mbali kidogo na hapa, kwenye mto ambao maji ya misitu hii ya magharibi yanauendea kwa kupitia mto Igombe. Nawasema Wavinza wa Malagarasi.

Malagarasi ni mto wa ajabu. Unachimbuka kwenye milima ya mpakani na Burundi, si mbali na Ziwa Tanganyika, lakini badala ya kushuka ziwani moja kwa moja unajitoma bara, unazunguka kaskazini na mashariki, unapotelea kwenye mabwawa makubwa, halafu unageuka na kurudi magharibi hadi ziwani. Kilomita 475 kwa jumla. Katikati yake kuna nchi ya matete, mafunjo na maji yaliyotuama ambayo Tanzania iliiingiza kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia mwaka 2000, eneo la kwanza la nchi yetu kuingia humo, hekta zaidi ya milioni 3. Wavinza ni wachache, na lugha yao ni ndugu wa karibu wa Kiha. Wamekaa kwenye ukingo wa kusini na magharibi wa nchi hiyo ya maji, mahali ambapo njia yoyote ya kutoka Tabora kwenda Ujiji ililazimika kuvuka.

Na kuvuka kulihitaji gome. Richard Burton alipofika kwenye kivuko mwezi Februari 1858 aliyakuta magogo yaliyochongwa, lakini alikuta pia mitumbwi ya gome: ngozi ya mti, ncha mbili zimebanwa na kushonwa kwa nyuzi za miti, vijiti vimetiwa katikati kuzuia mbavu zisikutane. Mtu aliyeona mzinga ukitengenezwa hahitaji kuelezwa zaidi. Ni mikato ileile miwili na mpasuko mmoja, ila karatasi ni ndefu, na badala ya kufungwa upande inafungwa miisho. Lakini kosa ambalo mzinga unalivumilia, mtumbwi unalikataa. Mzinga ukiwa na ufa, nyuki wenyewe wanauziba. Ufa wa mtumbwi utaugundua ukiwa katikati ya mto, na mzigo wa mwenye msafara miguuni.

Ndiyo maana naamini fundi wa mtumbwi wa gome alikuwa na jicho kali kuliko wa mzinga. Ilimpasa kupata mti mrefu ulio safi kutoka chini hadi juu. Ilimpasa kulikunja gome likiwa na utomvu wa kutosha lisivunjike kwenye mkunjo, lakini lisiwe limelegea mno likapoteza umbo. Mshono ulipaswa kupita kwenye nyama ya gome, si kwenye ganda la nje linalobanduka. Hakutumia msumari wala lami. Na chombo hicho kikiisha kazi baada ya msimu au miwili, anarudi msituni kuanza upya.

Halafu kuna uvushaji wenyewe, ambao ni ufundi wa pili. Mpagazi anakalishwa chini, magoti juu, mzigo mapajani, na anaambiwa asitikisike. Anayesimama ni mvushaji peke yake, nyuma, na upondo wake. Mto Malagarasi wakati wa mvua hauna ukingo unaoeleweka: unafurika nyanda, unafunika matete, mkondo wa kweli unajificha chini ya maji yanayoonekana kama yamelala. Mvushaji anaujua mkondo kwa jinsi nyasi zinavyoinama chini ya maji. Anaanzia juu ya mahali anapotaka kufika, anauacha mto umteremshe, anachomeka upondo pale tu anapojua utagusa chini. Wanaopita mara moja maishani waliona watu wakisukuma fimbo.

Wasafiri wa Kizungu waliandika mengi juu ya kivuko hiki na karibu yote ni malalamiko ya bei. Burton anamtaja Mutware, bwana wa kivuko, na mwami wa Uvinza aliyetaka hongo yake kabla mtumbwi haujaguswa. Wavinza hakuwasifu hata kidogo. Stanley, akiwa mbioni kumtafuta Livingstone mwaka 1871, alifika Malagarasi kwa njia ya kuzunguka kusini kwa sababu vita vya mtemi Mirambo vilikuwa vimeifunga njia ya kawaida ya Ujiji. Alishalipa hongo kubwa ya vitambaa kwa wakuu wa nchi. Pale majini akalipa tena, vitambaa na shanga. Watu wanne wanne na mizigo yao wakaanza kuvushwa, kisha mitumbwi ikasimama ng'ambo: wavushaji walikuwa wamezikagua shanga wakaona mafundo mawili yamepunjwa. Hawakurudi mpaka nyongeza ilipolipwa. Stanley alisimulia kisa hicho kama mtu aliyeibiwa.

Mimi nakisoma upande wa pili. Watu waliokagua shanga zao fundo kwa fundo, wakagundua upungufu, wakadai haki yao wakati bado wana nguvu ya kudai, ni watu wanaoijua thamani ya kazi yao. Msafara uliopita ulikuwa na bunduki, pembe, vitambaa vya Marekani na watu mamia. Mvinza alikuwa na gome na upondo. Bila yeye bunduki zote zile zingebaki ukingoni. Isitoshe, hatari haikuwa hadithi. Jioni ileile punda wa Stanley aliyeitwa Simba, akiogelea huku akivutwa kwa kamba shingoni, alikamatwa na mamba katikati ya mto akazama mbele ya macho ya wote. Kwenye maji hayohayo wavushaji walikuwa wameshapita siku nzima, kwenda na kurudi, kwa chombo ambacho ukuta wake haukuzidi unene wa kidole.

Hapo ndipo imani inapoingia, na sidhani inatenganishika na kazi. Kwenye mito ya bara letu mvushaji asiye na dawa ya mamba ni kama hana upondo, na Malagarasi haukuwa tofauti. Mababu waliozikwa ukingoni waliendelea kuwa na neno katika mambo ya maji, kama ambavyo huku Unyamwezini mizimu ina neno katika mambo ya msitu. Mzee wangu wa Bukene, ambaye Jumapili haikosi kanisani, alimimina unga uliokorogwa kwa maji chini ya mtundu kabla ya pigo la kwanza la shoka. Sikumuuliza kwa nini. Alipomaliza alifuta bakuli kwa nyasi akalirudisha mkobani, akaanza kukata. Uislamu ulifika Uvinza kwa njia hiyohiyo ya misafara, kutoka Ujiji na Tabora. Mapadri wa White Fathers walikuja baadaye, na huku Nzega kituo chao cha zamani ni Ndala. Dini zote mbili zimestawi. Lakini atakayekaa na wavuvi wa Malagarasi usiku atawasikia wakimtaja Mungu na wakataja pia wenye mto, ndani ya sentensi moja, wala hakuna anayeona ajabu.

Wavinza walikuwa na utajiri wa pili, nao siwezi kuupita: chumvi. Kando ya mto Rusugi, unaoingia Malagarasi, kuna chemchemi za maji ya chumvi kali. Kiangazi watu walimiminika kutoka Uha, Unyamwezi na kwingineko, wakapiga kambi, wakachemsha maji hayo kwenye vyungu usiku na mchana mpaka chumvi ikakauka. Wakuu wa Uvinza walitoza sehemu yao. Mwaka 1967 wanahistoria Sutton na Roberts walichimba pale wakapata kwamba kazi hiyo ilianza katikati ya milenia ya kwanza, yaani zaidi ya miaka 1,400 iliyopita. Kwa hiyo msafara wa kwanza wa pwani ulipofika Malagarasi ulikuta kivuko chenye uzoefu wa karne nyingi wa kupitisha mizigo. Chumvi ya Uvinza ilifika mpaka huku ikiwa imefungwa kwenye magome na majani, na nadhani wazee wa Bukene waliionja kabla ya kuona shanga ya kwanza.

Wajerumani waliitwaa chumvi mwanzoni mwa karne ya 20 wakaigeuza kiwanda. Reli ikafika Kigoma mwaka 1914 ikiwa na daraja lake juu ya Malagarasi, na tangu siku hiyo bwana wa kivuko hakuwa tena na wa kumdai. Miaka ya karibuni barabara ya Tabora na Kigoma nayo imepata Daraja la Kikwete, lililojengwa kwa mkopo wa Korea Kusini. Basi linavuka kwa muda ambao zamani usingetosha kufungua mazungumzo ya bei. Sina huzuni juu ya hilo. Mama mjamzito anayewahishwa hospitali Kigoma hana haja na upondo wa mtu yeyote.

Ila mto wenyewe bado una watu, na mahitaji yao hayakuvuka daraja. Wilaya ya Uvinza iliundwa mwaka 2012. Kuanzia Nguruka na Ziwa Sagara kwenda mabwawani kuna wavuvi wanaoishi kwenye kambi za matete, wanaotega kambare na perege, wanaokausha samaki kwa moshi na kungoja mchuuzi. Maji yamewazunguka, ya kunywa ni shida. Mvua ikikolea, zahanati iko upande usiofikika. Sehemu kubwa ya maji yao imo ndani ya hifadhi, kwa hiyo kibali cha kuvua, msimu wa kufunga na ukubwa wa tundu la nyavu ni mambo yanayoamuliwa ofisini, na mvuvi anayapata kwa taarifa, mara nyingi kwa njia ya askari. Juu ya hayo kuna ng'ombe. Wengi wao wametoka pande hizi za kwetu, pamoja na wafugaji wa Kisukuma na Kinyamwezi waliohamia Uvinza kufuata malisho na mashamba ya mpunga. Mtu wa Bukene akitaja matatizo ya Malagarasi afadhali akumbuke kwamba baadhi ya ng'ombe hao wanabeba alama za chuma za ukoo wake. Na kwenye maporomoko ya Igamba kumepangwa mradi wa umeme wa megawati 49.5, jambo jema, ambalo wavuvi wa huko juu wanalijadili kwa swali moja la busara: nguzo zitapita kwetu au zitatupita?

Gome nalo lina kesi yake. Mti uliochunwa kuzunguka shina zima hauponi, unakauka umesimama. Maofisa misitu wamelisema hilo kwa miaka mingi, na Chuo cha Nyuki cha Tabora kinafundisha mizinga ya mbao isiyoua mti kwa ajili ya asali ya miaka michache. Wana haki. Mtundu mmoja kwa mizinga miwili mitatu ni bei kubwa, hasa sasa ambapo msitu uliobaki kati ya Bukene na Igombe umezungukwa na tumbaku na mkaa. Nilimweleza mzee hayo, naye hakubisha. Alisema zamani mti uliochunwa haukuachwa usimame: ulikatwa, ukawa nguzo, ukawa kuni, matawi yakawa uzio wa zizi. Anayechuna gome na kuliacha shina lioze, kwake huyo ni mwizi wa kawaida. Siku hizi ana mizinga ya mbao pia. Mbao anaipiga randa vizuri, misumari inakaa sawa. Lakini haigongi na kutega sikio, kwa sababu ubao hauna cha kumwambia.

Mitumbwi ya gome sijaiona Malagarasi. Iliyopo ni ya gogo na ya mbao, na ukiitazama kwa karibu utakuta jicho lilelile la kukwepa kovu: mchongaji anageuza gogo mara kadhaa kabla ya tezo la kwanza, akitafuta upande ambao fundo la tawi litaangukia juu ya mstari wa maji. Upondo ni uleule. Mvuvi wa Sagara anayepita kwenye matete hasukumi: anauegemea upondo, anauacha mwili ufanye kazi, na chombo kinateleza bila kuacha povu. Mtoto wake wa miaka kumi hivi amekaa mbele, kimya, magoti juu, jinsi wapagazi walivyoagizwa kukaa.

Chini kabisa, Ilagala, karibu na mahali mto unapoingia Ziwa Tanganyika, serikali imeendesha kwa miaka mingi kivuko cha injini. Abiria wamejazana, pikipiki, magunia ya mihogo, kuku waliofungwa miguu. Mkusanya nauli anapita akihesabu vichwa na mizigo, na kila akigusa gunia mwenyewe anaanza kulalamika kwamba juzi halikulipiwa, kwamba hili si gunia ni nusu gunia, kwamba watu wa maji wamezoea kuwakamua watu wa nchi kavu.